Baiskeli ya kukunja Unguja na Pemba: inamfaa nani?

Mtu wa ghorofa ya nne Michenzani akitaka kununua baiskeli, swali la kwanza ni itakapolala. Akiifunga chini kwa mnyororo, asubuhi anaweza kukuta fremu tupu, kiti na gurudumu la mbele vimeshaondoka. Akiipandisha juu, kila kona ya ngazi ni kazi, na ikifika ndani inaziba ukumbi. Mji Mkongwe nako ngazi za ndani zimebana, na baiskeli ikiegeshwa ukutani kwenye kichochoro, mpita njia hana pa kupita. Kwa watu hawa baiskeli ya kukunja ni jibu la kweli. Ya magurudumu ya inchi 20 ikikunjwa inakaa chini ya meza. Brompton ya Uingereza, yenye inchi 16, hukunjika ikabaki na kimo cha sentimita 58 hivi na unene wa sentimita 27.

Hoja ya safari, kwamba ya kukunja hubebeka kirahisi kwenye boti na daladala, siipi uzito huo. Kwa anayepanda boti Malindi, ni kweli kwamba kubeba kitu kilichokunjwa ni rahisi kuliko kusukuma baiskeli nzima katikati ya abiria na mizigo. Lakini daladala za shamba zinapandisha baiskeli juu ya paa miaka yote, pamoja na magunia na matenga, kwa hiyo mtu wa Jambiani au Matemwe haongezewi mengi. Tena wepesi wake hutiwa chumvi. Nyingi za bei nafuu zina kilo 12 hadi 14, kwa sababu bawaba na bomba refu la kiti na la usukani vyote vina uzito wake. Ni nafuu mbele ya Phoenix ya kizamani, inayokaribia kilo 20, ila baiskeli ya kawaida ya alumini haizidiwi hapo.

Barabarani, gurudumu dogo linashika mwendo upesi, na hilo ni raha kwenye msongamano wa Darajani, pa kusimama na kuondoka kila hatua. Wengi hudhani kwamba lazima ukanyage pedali mara nyingi zaidi. Si lazima: watengenezaji huweka mbele gia kubwa, mara nyingi ya meno 50 na zaidi, kufidia udogo wa gurudumu. Kasoro yake iko kwenye mashimo. Shimo ambalo gurudumu la inchi 28 linalivuka kwa mtikiso tu, la inchi 16 linaingia lote, na usukani unageuka mkononi. Njia za mawe ya matumbawe na mchanga za kusini na mashariki ya Unguja si mahali pake. Tairi nalo huisha mapema, maana la inchi 20 likizunguka mara moja linakwenda kama mita moja na nusu, na la inchi 28 zaidi ya mita mbili.

Lakini kwa maoni yangu linaloamua ni mzigo. Baiskeli ya shamba ni gari la kazi. Kwenye keria yake hupakiwa gunia la mkaa, majani ya ng'ombe, mapakacha ya nazi, mwani, samaki wa kuwahi mnada, na mafundi wetu huongeza nondo ili keria ihimili. Baiskeli nyingi za kukunja zimewekewa kikomo cha kilo 105 au 110, mwendeshaji na mzigo pamoja. Mtu wa kilo 75 anabakiwa na 30 au 35, basi gunia la mchele la kilo 50 tayari limepita mpaka. Keria yenyewe iko chini na karibu na pedali, kisigino kinagonga mzigo, na uzito wote unaishia kuisukasuka bawaba ya katikati ya fremu.

Bawaba hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Fremu ya chuma ya Phoenix ikikatika, fundi wa kuchomelea wa kijijini anaiunga, na jioni mwenyewe yuko barabarani. Fremu ya alumini ikipata ufa kwenye bawaba, mashine yake ya kuchomelea chuma haiiwezi, na hata ikiungwa mahali pengine mimi nisingemkalisha mtoto juu yake. Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma: boliti za chuma zilizokaa ndani ya alumini huliwa na kutu mpaka zikagoma kufunguka. Girisi ya mara kwa mara ni sharti.

Vipuri navyo vina mtego. Tairi za inchi 20 ni zile zile za baiskeli nyingi za watoto, zinapatikana. Za inchi 16 usiamini namba peke yake: rimu ya Brompton ina kipenyo cha milimita 349, ya mtoto kwa kawaida 305, na tairi la moja haliingii kwenye nyingine.

Kwa mfanyakazi wa Mjini anayekwenda Bububu au Kiembesamaki na mkoba wake mgongoni, ningesema anunue ya inchi 20 bila kusita. Kwa Pemba, ambako kutoka Mkoani hadi Chake ni kupanda na kushuka vilima, asichukue isiyo na gia. Mkulima na mchuuzi wabaki na keria yao ndefu. Na anayenunua ya mtumba, kabla ya kutoa pesa aikunjue, afunge mkono unaoibana bawaba, ashike breki ya mbele kisha aisukume mbele na nyuma huku kidole kimegusa kiungo. Akisikia kinacheza, kwanza ajaribu kukaza boliti ya mkono huo. Kikiendelea kucheza baada ya hapo, aiache.