Vinu vidogo vya nyuklia vya vyuo vikuu: je, vinastahili gharama yake?

Novemba 1978 Waaustria walipiga kura kukikataa kituo cha umeme wa nyuklia cha Zwentendorf, ambacho kilikuwa tayari kimejengwa. Kinu kingine cha nyuklia, kidogo, cha kilowati 250, kilichowashwa mwaka 1962 kwa ajili ya vyuo vikuu mjini Vienna, hakikuguswa na bado kinafanya kazi. Hakizalishi umeme wa kuwasha hata taa moja. Kazi yake ni kutoa nyutroni, chembe zisizo na chaji zinazotoka katika viini vya atomi, na kufundisha watu. Hapo ndipo mwaka 1974 mwanafizikia Helmut Rauch na wenzake walipopitisha nyutroni katika fuwele ya silikoni na kuonyesha kwamba hujigawa na kukutana tena kama mawimbi.

Mfano huo unatenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana: kutaka umeme wa nyuklia, na kutaka watu wanaoielewa nyuklia. Nchi inaweza kulikataa la kwanza na bado ikalihitaji la pili, kwa ajili ya hospitali, ukaguzi na usimamizi wa taka.

Nini hasa hufundishwa? Mwanafunzi huvuta taratibu fimbo za kudhibiti, ambazo humeza nyutroni, huhesabu nyutroni baada ya kila hatua, kisha hukadiria fimbo zikifika wapi mfululizo wa mipasuko ya viini vya atomi utajiendesha wenyewe. Hapo hugundua kwamba kinu hakiitikii papo hapo. Nyutroni karibu zote huzaliwa pale pale kiini cha urani kinapopasuka, lakini chini ya asilimia 1 huchelewa, baadhi kwa sekunde kadhaa, na ni hizo chache zinazompa binadamu nafasi ya kukimudu kinu. Kitabuni jambo hili ni sentensi moja tu. Kwenye meza ya udhibiti linamfundisha mtu subira.

Wapinzani wanasema siku hizi kompyuta inatosha. Tangu 2010, wanafunzi wa uhandisi nchini Jordan wamewahi kufuata kwa intaneti majaribio ya kinu cha Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa chuo kisicho na fedha, nami naiunga mkono kwa masomo ya mwanzo. Lakini programu huonyesha hitilafu zile tu ambazo mtunzi wake aliziwaza. Katika kinu halisi vipimo viwili hutofautiana, na mtu hulazimika kuamua aamini kipi. Tena, hata wale wa Jordan walihitaji kinu halisi upande wa pili.

Kuhusu usalama, hofu ya mlipuko naona imekuzwa. Kituo kikubwa cha umeme hutoa joto la takriban megawati 3,000, mara 12,000 ya kinu cha Vienna. Isitoshe, kinu hicho ni cha aina ya TRIGA, ambayo fueli yake imechanganywa na hidrojeni: ikipata joto, nguvu hushuka yenyewe bila mtu kugusa kitu.

Hatari ninayoiona mimi ni kutelekezwa. Kinshasa ilipata kinu chake mwaka 1959, cha kwanza Afrika, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Baadaye fimbo mbili za fueli ziliibwa, na moja ikapatikana Italia mwaka 1998. Kinu cha pili cha hapo, cha megawati 1, kilisimama mwaka 2004. Upande mwingine kuna Zaria, Nigeria, kwenye Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, ambako mwaka 2018 urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, ile inayoweza kutengenezewa bomu, iliondolewa, ikarudishwa China na nafasi yake kuchukuliwa na ya kiwango cha chini. Kwa hiyo tatizo la wizi linatibika, pakiwepo anayelishughulikia.

Watetezi nao hukosea wanapotaja dawa za saratani kana kwamba kila kinu kinaweza kuzitengeneza. Chuo Kikuu cha Missouri hufanya hivyo kwa kinu cha megawati 10. Kinu cha kilowati 30 hakiwezi kushindana nacho, na kuahidi hivyo bungeni ili fedha zitoke ni kujitafutia lawama. Afadhali kipimo kiwe saa ambazo mwanafunzi anashika fimbo za kudhibiti. Katika Chuo cha Reed, Portland, wanafunzi wa shahada ya kwanza husomea leseni ya serikali na kukiendesha kinu wenyewe. Marekani pia serikali ndiyo hutoa fueli ya vyuo na kuichukua ikishatumika. Nchi isiyo na mpango wa namna hiyo isianze kuchimba msingi.

Kanuni nazo zilingane na ukubwa wa kinu. Chuo Kikuu cha Kindai, Japani, kina kinu cha wati 1. Kilisimama mwaka 2014 kusubiri ukaguzi wa masharti mapya yaliyofuata ajali ya Fukushima, kikarudi kazini mwaka 2017. Muda huo unatosha mtu kuanza na kumaliza shahada ya uzamili bila kukigusa hata mara moja.