Cendrillon bila kiatu

Mtunzi wa baleti Jean-Christophe Maillot alipoitungia hadithi ya Cendrillon (Cinderella), yatima anayetambuliwa na mwana wa mfalme kwa kiatu alichokiacha karamuni, baleti mpya mwaka 1999, kwa ajili ya kundi la Les Ballets de Monte-Carlo, alikiondoa kiatu. Msichana wake anaingia kwenye karamu miguu mitupu, nyayo zikimetameta kwa unga wa dhahabu, katikati ya wanawake wanaocheza juu ya ncha za viatu vya baleti, na mwana wa mfalme anapomtafuta hana cha kushika mkononi ila kumbukumbu ya mguu ule. Niliitazama video yake nyumbani, hapa Katuba, Lubumbashi, pamoja na watoto wa dada yangu. Yule wa miaka tisa, ambaye hadithi hiyo ameisoma shuleni kwa Kifaransa, aliniuliza mara tatu: «Kiatu kiko wapi, mjomba?»

Nisingelipuuza swali hilo kwa kuwa ni la mtoto. Mwandishi Mfaransa Charles Perrault aliweka kiatu cha kioo katika hadithi yake ya mwaka 1697, na mtunzi wa muziki Mrusi Sergei Prokofiev, ambaye muziki wake wa baleti ya hadithi hiyo ulichezwa kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Bolshoi, Moscow, mwaka 1945, aliandika vipande vya mbio kwa ajili ya mwana wa mfalme anayezunguka nchi kwa nchi akimtafuta mwenye kiatu. Maillot ameubakiza muziki huo, lakini kitu ambacho mbio hizo ziliandikiwa hakipo tena. Baleti haina maneno. Vitu vinavyoshikwa jukwaani ndivyo vinavyosema, na anayeviondoa humtaka mtazamaji awe tayari anaijua hadithi.

Wanaoutetea mtindo wa Maillot, uitwao wa kineoklasiki, hujibu kwamba kuondoa ndiyo kazi yake. Tangu mtunzi George Balanchine alipotunga baleti ya Apollon musagète mwaka 1928, watunzi wa mkondo huo wamehifadhi ufundi wa kale, yaani miguu iliyogeuzwa nje na miruko iliyopimwa, huku wakipunguza mapambo na ishara za mikono zilizokuwa zikieleza kisa, ili mwili wenyewe ueleze. Kwa Maillot, kilichojitokeza baada ya kupunguza ni msiba. Baleti inaanza na Cendrillon akiwa ameshika gauni la marehemu mama yake, na gauni hilo linamrudishia picha ya wazazi wake walipokuwa wakipendana. Baadaye mama huyo anarudi katika umbo la mzimu mwema anayemsaidia, naye baba anabaki ameraruka kati ya mke aliyekufa na mke aliye hai.

Wapo wanaoliona hilo kuwa ubunifu wa kupita kiasi. Mimi naona ni kurudi nyuma, kwani katika masimulizi ya ndugu Grimm wa Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 1812, hakuna mzimu wa kuja na fimbo ya miujiza kama kwa Perrault: msaada unatoka kwenye mti uliopandwa juu ya kaburi la mama. Nkambo yetu, yaani bibi yetu, ambaye hakuwahi kumsoma Perrault wala Grimm, alikuwa ameketi nasi akichambua matembele, na gauni lilipoinuliwa alisema bila kugeuza kichwa: «Huyo ni mama yake amekuja.» Yatima anayesaidiwa na mama aliye kaburini si mgeni kwake. Kwa upande huu Maillot amenishinda kabisa.

Mguu mtupu, hata hivyo, unanisumbua bado. Katika ukumbi wa Monte-Carlo, ambako wote wamevaa viatu, mguu mtupu ni uhuru na ukweli wa mtu. Mpwa wangu huvua viatu vya shule mlangoni kila adhuhuri, huvifuta kwa kitambaa na kuvirudisha kwenye mfuko wa plastiki ili vimalize mwaka, kisha huenda kuteka maji pekupeku. Kwake mguu mtupu ni hali ya Cendrillon kabla ya karamu, na kiatu ndicho muujiza. Ni kweli kwamba ngoma zetu nyingi huchezwa pekupeku bila mtu kuona umaskini ndani yake, na nilimweleza hivyo. Alitazama tena ile miguu ya dhahabu, akakubali kwamba inapendeza, akauliza kama ule unga unatoka ukinawa.