Tumeiga kadi, tumeacha majibu

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, huku Uingereza ninakoishi mwaliko wa harusi una mambo yake, na mengine siyapendi. Watoto mara nyingi hawaalikwi. Wapo wanaoitwa kwenye ndoa na chakula, na wapo wanaoitwa usiku tu, kwenye muziki. Mtu wa Mikindani ukimwambia aje watu wakishakula, atakuuliza amekukosea nini.

Lakini jambo moja wanalifanya vizuri, na ndilo tuliloliacha tulipoiga mengine yote. Kadi niliyoletewa hapa Leicester ilifika wiki nane kabla ya harusi. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi nyingine ndogo ya majibu, na bahasha yake imeshabandikwa stempu kabisa. Utakuja au hutakuja? Utakula nyama, samaki au mboga? Kuna chakula kinachokudhuru? Chini yake, siku ya mwisho ya kujibu. Na watu wanajibu, hata wasiokuja. Mpishi analipwa kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo ukinyamaza unamtia mwenzako hasara.

Nyumbani tumechukua kadi ya kung'aa, maandishi ya dhahabu, singo ya mtu mmoja na dabo ya wawili. Majibu hatuyadai. Tunachodai ni mchango. Kadi ya mchango inatangulia miezi kadhaa, kamati inakumbushia kwenye grupu la WhatsApp kwa orodha ya majina na kiasi, halafu kadi ya kuingilia inatolewa siku tatu kabla, kwa aliyemaliza ahadi yake. Mchango wenyewe siupingi. Tangu zamani mwenye mchele alileta mchele, mwenye kuni alileta kuni, na asiye na kitu alikuja alfajiri kuosha masufuria. Huyo wa masufuria leo kadi yake iko wapi?

Mwaka jana mtoto wa dada yangu aliolewa Mtwara mjini. Mjomba wetu anakaa Newala. Ndiye aliyepokea barua ya posa, ndiye aliyekaa mkekani kuzungumza mahari, maana kwetu Wamakonde shauri la ndoa haliendi bila mjomba. Mwaliko wake ulikuwa picha kwenye simu ya mwanawe: "Singo. Bila kadi hutaruhusiwa kuingia." Mzee na mkewe, kadi ya mtu mmoja! Hawakwenda wote wawili, na mimi nasema walikuwa na haki. Mzee wa namna ile anafuatwa kwake. Kijana anapiga hodi, anaamkia, anakaribishwa, anatoa neno alilotumwa. Kadi, kama ipo, itafuata. Nauli ya Newala ni kitu gani mbele ya gharama za mapambo ya ukumbi?

Najua kwa nini kadi zinachelewa. Harusi nyingi kwetu zinasubiri korosho: mnada ufanyike, chama cha msingi cha ushirika kilipe wakulima, ndipo familia ijue kama ni ukumbi au turubai uwanjani. Huku ukumbi huwekewa nafasi hata mwaka mmoja kabla. Ila tarehe ya harusi inaweza kutajwa hata kama hela haijaingia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka msajili apewe taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Ikiwa msajili anajua wiki tatu kabla, shangazi aliye Liwale inakuwaje aambiwe keshokutwa ndiyo siku yenyewe?

Kwa hiyo mnaoandaa harusi za Desemba, nawaomba tarehe itoke sasa hivi, kwa mdomo, na wazee wafuatwe majumbani. Kwenye kadi andikeni majina ya mnaowaita, pamoja na watoto kama nao wamealikwa, mzee asibaki kujiuliza aende yeye au mkewe. Wekeni siku ya mwisho ya majibu, wiki mbili kabla, ili wapishi wajue pilau ni ya kilo ngapi. Na namba ya kujibu isiwe ya mweka hazina, kwa sababu aliyebakiza ahadi hataipiga.