Mlingoti umelala, shemeji ndo kanisikia

Jamani wenzangu wa redio za ridhaa (sisi tunaoongea hewani kwa kujifurahisha), hii imenitokea. Shemeji yangu yuko kama kilomita 300 kutoka kwangu, tukapanga tuwe tunaongea hewani, basi nikasimamisha mlingoti wa mita 10, juu nikafunga dipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 20, yaani 14 MHz, kila mkono mita 5, imenyooka hadi raha kuitazama. Nawasha, namsikia Mjapani, namsikia Mbrazili, wako kama wamekaa sebuleni. Shemeji? Kimya. Nampigia simu, ananiambia "shem, huku naskia shaaaa tu".

Na ndo tabia ya 14 MHz hiyo, mawimbi yakipanda wima mara nyingi yanatoboa ionosfia (matabaka ya juu angani yanayorudisha mawimbi chini) yanapotelea huko, yanayotoka kwa kulala yanarudi ardhini mbali kweli, yeye kabaki katikati yanampita juu ya kichwa. Tukasema tuhamie mita 40, yaani 7 MHz. Mita 80 tukaiacha, ni ya usiku, mchana lile tabaka la chini la ionosfia, la D, linaimeza.

Nikaongeza waya ukafika mita 10 kila upande, navuta kamba kusimamisha mlingoti tena, kamba hiyoo ikakatika, mlingoti ukaenda kulala juu ya ua na mimi nikakaa chini bila kupanga, kipande cha kamba mkononi. Waya unaning'inia usawa wa kifua. Nikasema liwalo na liwe, nikaita.

"Tano-tisa shem! Umepandisha juu zaidi eeh?"

Tano-tisa ndo kusikika safi kabisa. Nikamwambia nimerekebisha kidogo 😂. Kumbe waya wa chini vile unarusha mawimbi juu wima, na 7 MHz mchana ule ilikuwa hairuki nje, inarudishwa chini palepale kwenye umbali wetu.

Tunanoga na stori, ghafla SWR (kipimo cha nguvu inayokataliwa na antena) inapanda, shemeji analalamika nimefifia. Nachungulia dirishani, mama mkwe katandaza blanketi bichi kwenye waya wangu. Sasa mimi mkwe nimwambie nini? Nikamwambia shemeji, mwambie wewe, ni mama yako, nikafungua sauti yote dirishani.

"MAMA! TOA BLANKETI KWENYE ANTENA!"

Mama mkwe akageuka, akaitazama redio, wala hakushtuka. "We mtoto, salamu hujanipa unaniamrisha?"

Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikampa shemeji ujumbe wa mama yake. Kimya kidogo, halafu ikaingia dhaifu, blanketi bado liko pale pale:

"Shikamoo mama."