Karatasi ya pinki ya mavyaa

Mimi nina watoto wawili, mkubwa ana miaka minne, mdogo ndo kwanza anaanza kutembea kwa kushika kuta, na nyumba yetu huku Langoni, Lamu, ni ya ngazi, kwa hivyo kazi yangu kutwa nzima ni kukimbilia ngazi kabla mtoto hajafika. Usiku nikimnyonyesha nachezea simu, na ndo usiku mmoja nikakutana na video ya mwanamke anazungusha vikaratasi vyembamba vinageuka maua. Kwilingi wanaiita. Nikaitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tisa, mtoto ashalala kitambo na mimi bado nimemshika vile vile.

Yaani ikaniingia. Unakata karatasi ya rangi iwe nyuzi za upana wa milimita tatu au tano, uzi mmoja unauzungusha kwenye kijiti mpaka unakuwa kiduara, ukiuacha ulegee kidogo kisha ukaufinya upande mmoja unapata tone, ukiufinya pande mbili unapata jicho. Matone matano ncha zikikutana, hilo ua. Ulaya zamani walizungushia unyoya wa ndege, kwa Kiingereza "quill", jina ndo likatoka hapo, na karne ya 18 mabibi wa kitajiri Uingereza walikuwa wakipitishia wakati kwa kazi hii. Wale bila shaka walikuwa na yaya. Mimi nilichomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa, nikaipasua ncha kwa wembe karatasi ipate pa kushika, gundi nyeupe na manila za rangi nikanunua kwa mia tano ambayo ilikuwa na kazi yake nyingine, tutaifikia.

Siku ya kwanza nilipanga matone sitini kwenye sinia, mkubwa akaona mama anatoka jasho akanihurumia, akaniwashia feni. Sitaki kuizungumzia. Kuanzia hapo nikampa cheo ili awe upande wangu, yeye ndo mleta karatasi.

Sasa mavyaa anakaa chini, sisi juu, na alishaanza kunung'unika mbona siku hizi wali unashika ukoko. Nikasema huyu dawa yake ni zawadi. Nikaanza fremu ya mawaridi, pinki ikaniishia katikati, na usiku huo huo stima zikapotea. Nikamwambia mkubwa nitafutie pinki yoyote. Akashuka, akarudi na karatasi safi kabisa, upande niliouona haukuwa na hata nukta. Sikuigeuza. Nani anageuza karatasi huku amebana simu kwa meno ndo tochi? Nikaweka rula, nikakata nyuzi za milimita tano, mpaka alfajiri mawaridi saba yameshasimama kwenye fremu.

Mavyaa alifurahi mpaka nikaona haya. Akaitundika sebuleni juu ya kochi, kila anayepita akaitwa aje aone kazi ya mke wa mwanawe.

Siku ya tatu ikaanza zogo. Mavyaa ndo anashika mchezo wa wanawake wa mtaa, mia tano kila wiki, na mfungo sita ulikuwa umekaribia, kila mtu anataka zamu yake apate ya kupokelea wageni wa Maulidi. Orodha haionekani. Nani ametoa, nani bado, yote ilikuwa humo, na aliiandika kwenye karatasi ya pinki makusudi, eti isichanganyike na nyingine ikapotea.

Wakaja wenzake wanne wakaingia chini ya vitanda, wakakung'uta misahafu, wakafungua mpaka kopo la sukari. Mimi nawasaidia kutafuta kwa bidii sana. Nikainua uso kupumua, mato yangu yakaangukia waridi la kati, na ndani ya petali nikaona wino wa buluu. "Bi Kha". Miguu ikaisha nguvu, nikakaa kochini chini ya ushahidi wangu mwenyewe.

Nilikuwa bado napanga nitaiibaje ile fremu usiku, mkubwa akasema kwa sauti ya mtu anayejivunia kazi yake, "Bibi, karatasi yako mbona iko pale, mama ameifanya maua."

Kimya kilichoingia mle, mtu ungesikia punda anavyotafuna nje.

Tukaketi mkekani na pamba na maji, tunalowesha gundi, tunakunjua ua moja moja. Lakini nyuzi zangu zilikuwa nyembamba kuliko maandishi ya mavyaa, yaani nusu ya juu ya jina iko kwenye waridi hili na nusu ya chini iko kwenye jingine, kwa hivyo wanawake wazima wanne wameinama wanaunganisha vichwa na miguu ya herufi, na Fatma wa huku akivishwa miguu ya Salma wa kule mtu anang'aka, "Mimi nimetoa! Hiyo si miguu yangu!" Mpaka magharibi majina yote yakapatikana isipokuwa uzi mmoja, na mtoto wangu mdogo pembeni anatafuna kitu cha pinki. Nilipomtia kidole mdomoni kilikuwa uji.

Nami kimoyomoyo naomba, ewe Mola, hilo liwe jina langu. Kwa sababu ile mia tano ya manila, na ya wiki iliyofuata ya gundi na fremu, zilikuwa za mchezo.

Wenzake walipotoka mavyaa akaniita, "Ndoo hapa." Nikaenda. Nikaanza kusema pole mama, na labda hilo lililoliwa ni langu, nami nakumbuka kama nilitoa...

"Wewe sikukuandika," akasema. "Wa nyumbani nawaweka kitwani. Wiki mbili. Elfu moja."

Akakunjua kiganja. Mfukoni nilikuwa na shilingi arobaini na njiti ya ufagio.