Orodha ya wanasaikolojia mashuhuri na watu wa Gombe

Mwaka 2002 jarida la Review of General Psychology lilichapisha orodha ya wanasaikolojia mashuhuri zaidi wa karne ya 20. Steven Haggbloom na wenzake walihesabu mara ambazo kila mmoja amenukuliwa katika majarida na vitabu vya kiada, wakaongeza kura za wanataaluma, tuzo na nyadhifa. Skinner akashika namba moja, Piaget mbili, Freud tatu. Nafasi ya 100 waliiacha wazi, msomaji ajaze anayemtaka. Kwangu hapo ndipo walipokuwa wakweli kuliko kote.

Sitaki hesabu hizi za nukuu, ambazo vyuo navyo hutazama wakati wa kupandisha vyeo, zifutwe. Bila namba, kupanda cheo chuoni kunabaki suala la kujuana, na mhadhiri kijana kutoka Kigoma asiye na mtu wake kwenye kamati ndiye wa kwanza kuumia.

Taabu ni kwamba hesabu haiulizi umenukuliwa kwa lipi. Anayekutaja ili akupinge anakupandisha sawa na anayekukubali. Katika orodha ile, ukitazama safu ya nukuu za majarida pekee, mwanasaikolojia Hans Eysenck alikuwa wa tatu. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London ukaona makala 26 alizoandika na Ronald Grossarth-Maticek, kuhusu haiba ya mtu na magonjwa kama saratani, si za kutegemewa. Sasa kila anayeandika juu ya kashfa hiyo na kumtaja katika marejeo anamwongezea nukuu!

Halafu kuna wasiohesabiwa kabisa. Mwaka 2017 Alexander Weiss na wenzake walichapisha takwimu za haiba za sokwe 128 wa Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma. Waliowapa sokwe alama ni wasaidizi wa utafiti Watanzania, kwa dodoso lililotafsiriwa kwa Kiswahili: huyu mwoga, yule mbabe, huyu mdadisi. Alama hizo zina uzito kwa sababu mtoaji amemfuata sokwe yuleyule milimani, anamjua mama yake na anaogombana nao. Ni wasaidizi wa aina hiyo walioendeleza kumbukumbu za kila siku baada ya wageni wanne kutekwa Gombe mwaka 1975 na wanafunzi wa kigeni kuondoka. Nukuu huenda kwa waandishi wa makala, wakiwamo Watanzania. Umahiri wa kumsoma sokwe porini hauna safu.

Kamati ya vyeo ingeniuliza, ningesema namba ziletwe mezani, kisha wajumbe wasome makala zenyewe, waulize zimenukuliwa kwa lipi na takwimu alikusanya nani. Kazi hiyo inakula muda, na wajumbe wengi wana vikao vingine mchana.