Mashirika ya ndege yakiungana, nani anabeba miaka ya mfanyakazi?

Kila tetesi za mashirika ya ndege kuungana zinapofika Mwanza, swali la kwanza huwa nauli. Watu wana sababu. Novemba 2012 Fastjet ilipoanza kuruka nchini, Dar es Salaam–Mwanza ilikuwa moja ya njia zake mbili za mwanzo, na abiria waliozoea kukesha kwenye basi wakaanza kufika kabla ya chai ya saa nne. Desemba 2018 kampuni hiyo ikasimama. Tangu hapo mtu wa Mwanza akisikia kampuni mbili zinataka kuwa moja, hesabu yake ni fupi: wauzaji wakipungua, bei inapanda.

Ajira huulizwa baadaye, na huulizwa kwa namna moja tu: watapunguzwa wangapi? Naona lipo swali zito kuliko hilo. Kampuni mbili zikiwa moja, ile miaka ambayo mfanyakazi ameshaitumikia kampuni yake inahamia wapi? Chama kinachopigania idadi ya wanaobaki na kuisahau miaka yao kinaweza kutoka mezani na habari njema ya kuwapa waandishi, wanachama wakabaki mikono mitupu.

Kwanza tukubaliane kwamba tetesi nyingi za aina hii hazifiki kokote. Novemba 2021 Kenya Airways na South African Airways zilitia saini makubaliano ya ushirikiano, zikiwa na ndoto ya kuunda kundi moja la usafiri wa anga la Afrika kufikia 2023. Mwaka huo ulipita na kila mmoja akabaki na nembo yake na madeni yake. Mpango wa Qatar Airways kuchukua asilimia 49 ya RwandAir ulitajwa hadharani mapema 2020, ukabaki habari ya "karibuni" kwa miaka kadhaa.

Ila tetesi isiyozaa kitu nayo ina gharama. Wa kwanza kuondoka ni wenye pa kwenda: rubani, au fundi ambaye leseni yake inatambulika Addis Ababa na Doha. Uongozi nao hupata kisingizio cha kuahirisha mazungumzo ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi, maana haijulikani mwakani mwajiri atakuwa nani. Nafasi zilizoachwa wazi hujazwa na watu wa mikataba ya miezi sita. Mpango wa kuungana ukifa, mikataba ya miezi sita haifi nao.

Ndiyo maana siwashangai wanaogoma mapema. Machi 6, 2019 chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga cha Kenya, KAWU, kiligoma katika uwanja wa Jomo Kenyatta kupinga mpango wa Kenya Airways kuchukua uendeshaji wa uwanja huo kutoka Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Polisi walirusha mabomu ya machozi, safari zikakwama, katibu mkuu wa chama akakamatwa. Hoja ya wagomaji iliingia akilini hata kwa asiyejua uhasibu: shirika lenye hasara linataka kukabidhiwa mlango wa fedha wa mamlaka yenye faida. Mpango ule haukutekelezwa. Septemba 2024 wakagoma tena, safari hii juu ya mkataba wa kuikabidhi uwanja huo kampuni ya Adani ya India, na Novemba 21 mwaka huo Rais Ruto akaufuta, ingawa sidhani kama mgomo peke yake ungetosha bila mashtaka ya Marekani dhidi ya mwenye kampuni yaliyotoka siku moja kabla.

Marekani kwenyewe ndiko kwenye mafunzo makali zaidi, kwa kuwa huko miungano imefanyika kwelikweli. Katika kazi ya ndege, ukongwe ni kila kitu. Orodha ya ukongwe ndiyo inayoamua nani anaruka ndege gani, nani anapata likizo ya Desemba, nani anatoka kwanza kampuni ikiyumba. US Airways na America West zilipoungana mwaka 2005, marubani wa pande zote mbili walikuwa chini ya chama kimoja. Wakashindwa kukubaliana namna ya kuzichanganya orodha zao. Msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi mwaka 2007, na marubani wa US Airways ya zamani, walioona mtu mwenye miaka 17 kazini anawekwa jirani na aliyeingia juzi, wakaukataa. Mwaka 2008 wakakiondoa chama chenyewe na kuunda kingine. Kampuni ilikuwa moja kwa jina, marubani wakaruka kwa orodha mbili kwa miaka mingi, wakati wote huo mwajiri akitazama wafanyakazi wakishtakiana. Uadui mkubwa uliozaliwa na muungano ule ulikuwa wa mfanyakazi kwa mfanyakazi.

Delta na Northwest, mwaka 2008, ni kisa kingine kabisa. Wahudumu wa ndani ya ndege wa Northwest walikuwa na chama, wa Delta hawakuwa nacho. Kura ikapigwa mwaka 2010, walio wengi wakasema hapana, na maelfu waliokuwa na chama wakakikosa bila hata mmoja wao kuandika barua ya kujitoa.

Nikiishia hapo, kuungana kunaonekana ni balaa tupu. Lakini mtu wa kandokando ya Ziwa ana kumbukumbu inayomzuia kusema hivyo. Hasara kubwa kuliko zote kwa wafanyakazi wa usafiri katika ukanda huu ililetwa na talaka. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946 na baadaye kumilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilivunjika mapema 1977 pamoja na Jumuiya. Meli nazo zikagawanywa: MV Victoria na MV Umoja zikabaki Mwanza, MV Uhuru ikabaki Kisumu. Meli unaweza kuigawa kwa kuangalia imetia nanga wapi. Miaka kumi na tano ya fundi aliyekuwa akifanya kazi Nairobi na kwao ni Ukerewe utaigawaje?

Nchi tatu zilihitaji miaka saba kujibu. Mkataba wa usuluhishi uliosimamiwa na Victor Umbricht wa Uswisi ulisainiwa Arusha mwaka 1984, ukasema kila nchi iwalipe raia wake mafao waliyoyapata wakiwa watumishi wa mashirika ya Jumuiya. Hapo ni kuamua tu nani mdaiwa. Kulipwa ni hadithi nyingine: wastaafu wa Tanzania waliandamana, wakafungua kesi, na makubaliano yao na Serikali yalifika Mahakama Kuu mwaka 2005. Wengi walikuwa wameshazikwa. Hata hayo makubaliano hayakumaliza ubishi juu ya nani amelipwa chote na nani amepunjwa.

Kwa hiyo anayesema "tusiungane, tutaumia" anapaswa pia kueleza kinachompata mfanyakazi wa shirika dogo linalokufa likiwa peke yake. Hoja ya wanaotaka kuungana si ya kubeza. Ndege hulipiwa kwa dola huku tiketi ya Mwanza ikiuzwa kwa shilingi. Injini za Airbus A220 zilipoleta matatizo ya kiwandani, Air Tanzania ilisimamisha ndege, na shirika lenye ndege chache halina ya akiba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu kwa mwaka 2023/24 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika shirika hilo. Hata mtaji wa jirani hauleti balaa kila mara. Kenya Airways iliponunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003, Precision haikumezwa. Iliendelea na jina lake na mwaka 2011 ikaingiza hisa zake sokoni Dar es Salaam. Air Tanzania na South African Airways, kwa asilimia 49 hiyohiyo mwaka 2002, waliachana mwaka 2006, na shirika letu likabaki dhaifu. Sisemi kwamba kuna lolote linalopangwa kati ya mashirika haya leo. Nayataja kwa kuwa ndiyo tunayoyaona yakishuka pale Ilemela.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aonyeshe sababu na ashauriane na chama kinachotambuliwa kuhusu njia za kuepuka, vigezo vya kuwachagua wa kupunguzwa na malipo yao. Ni kifungu kizuri. Kasoro yake ni kwamba kinaamka mtu anapofikiria kupunguza, si anapofikiria kuuza. Wakurugenzi wanaweza kujadili kuungana kwa miezi kumi wakiapa kwamba suala la kupunguza watu halijafika mezani.

Shida inaanzia hapo. Afrika Kusini, kifungu cha 197 cha sheria yao ya kazi kinasema biashara ikihamia kwa mwajiri mwingine ikiwa hai, mikataba ya ajira inahama nayo, na miaka haikatiki. Sheria yetu haina kifungu cha wazi namna hiyo. Mwajiri mpya akifanikiwa kukusainisha mkataba unaohesabiwa kuwa mpya, unaanza upya kila mahali. Mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali. Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho kwa mujibu wa sheria ile ya 2004 ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka na hakizidi miaka kumi, hakimhusu asiyetimiza mwaka. Na kigezo kinachopendwa na vyama vyenyewe, kwamba aliyeingia mwisho atoke kwanza, kinawageukia: waliotoka kampuni iliyomezwa wote wameingia mwisho.

Watakaoguswa kwanza ni watu wa vituo vya mikoani kama Mwanza. Rubani huhamia upande wa pili akiwa na saa zake za kuruka, hata wakimnyima ukongwe. Lakini kampuni mbili zilizokuwa na kaunta mbili uwanjani, ofisi mbili za tiketi mjini na wasimamizi wawili wa kituo hazihitaji kila kitu mara mbili. Atakayebakishwa ataambiwa nafasi yake iko Dar es Salaam. Mwenye nyumba Buswelu, watoto shuleni Nyakato na mama mzee Magu atahesabiwa kuwa ameikataa kazi mwenyewe. Viongozi wa chama wanaokaa kwenye mazungumzo nao wako Dar. Mwakilishi wa tawi la Mwanza hupata taarifa kwa simu, mara nyingi baada ya vigezo kukubaliwa.

Ndiyo sababu naona mgomo wa kupinga kuungana ni silaha ya mwisho inayotumika mwanzo. Cha kufanya sasa, wakati hakuna mnunuzi mlangoni, ni kuingiza kipengele katika mkataba wa hali bora: mwajiri asikubali kuuza wala kuungana mpaka mwenzake akiri kwa maandishi kwamba miaka yote ya utumishi inahesabika, na vituo vya mikoani viwe na mjumbe wao mezani. Kibano kiwe kwa mwajiri wa sasa, kwa sababu wa kesho bado hajasaini chochote.

Waajiri watasema kipengele hicho kitawafukuza wawekezaji. Kwa sehemu ni kweli: mnunuzi atapunguza bei kwa kiasi cha mzigo anaorithi. Lakini mzigo huo upo hata usipoandikwa. Kinachobadilika ni nani anaulipa, mwenye hisa au mfanyakazi.

Kipengele hicho hata hivyo hakitamfikia mpakiaji wa mizigo wala msafishaji wa ndege aliyeajiriwa na kampuni ya wakala. Kampuni yake ina zabuni na shirika moja, na kampuni nyingine ina zabuni na lile la pili. Mashirika yakiwa moja, zabuni moja inakufa na watu wake wote wanarudi nyumbani wiki hiyohiyo. Shirika jipya litatangaza, na litakuwa linasema kweli, kwamba halijapunguza mtu hata mmoja.